Mzinga Usio na Wakokotaji

Sisi tunaounda mizinga midogo ya kivita na kuijaza makabatini tunajigamba kuwa tunaheshimu ukweli. Nimewaona watu wazima wakinuniana kwa ajili ya rangi ya kijivu!

Basi, ndugu msomaji, utazame mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ya milimita 105 iliopolewa, ikatiwa magurudumu, na Waafrika wakaikokota kwa kamba porini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nenda ukaupapase uone uzito wa chuma kile.

Kwa kipimo cha 1:35 mtutu hupata sentimita 12, mtu mzima 5. Nafasi ipo. Lakini kabatini utakuta mzinga, ofisa na darubini yake, basi. Hata tope limepakwa kwa ustadi magurudumuni, aliyelikanyaga hayupo.

Wataniambia vinyago vya wapagazi haviuzwi. Na magurudumu yale uliyanunua wapi? Si uliyachonga mwenyewe?

Nami nimo. Wangu ulikaa miaka mitatu bila mtu. Sasa nachonga, nimefika wa nane, na mabega yake bado yananishinda.