Nyumba Mbili za Bayville



Waamini wengine hushangaa wakisikia kwamba mafrateri, watu wanaoshinda darasani na Aristotle na Mtakatifu Thoma wa Akwino, jioni hubishana juu ya katuni. Hubishana, tena kwa sauti. Na kundi moja halikosi kutajwa: X-Men, kwa kuwa limechorwa upya mara nyingi na kila mara limetoka na sura nyingine. Wenzetu wengi siku hizi wanasema toleo la mwaka 2024 limewafunika wote waliotangulia. Sisi tuna maoni tofauti, na tunaomba nafasi ya kuyaeleza, kwa sababu tunaona mabishano hayo yanagusa jambo kubwa kuliko katuni.

Kwa msomaji asiyewafahamu, X-Men walibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1963 katika vitabu vya picha vya kampuni ya Marvel, huko Marekani. Ni watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, na kwa sababu hiyo huitwa mutanti. Hawakuzitafuta nguvu hizo; wamezaliwa nazo, na mara nyingi hujitokeza katika ujana, umri ambao hata bila nguvu za ajabu ni mgumu. Jamii inawaogopa na kuwawinda. Profesa Charles Xavier, anayetembelea kiti cha magurudumu na ana uwezo wa kusoma mawazo, anawakusanya nyumbani kwake, anawafundisha, na anawataka wawalinde hata wale wanaowachukia. Rafiki yake wa zamani, Magneto, ambaye katika vitabu hivyo ni Myahudi aliyenusurika Auschwitz, anasema wanadamu hawatabadilika kamwe, basi mutanti wajitetee wenyewe.

Katika nchi ambako ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu tu ya mwili waliozaliwa nao, hadithi kama hii haihitaji mkalimani.

Sasa, mabishano yetu mengi huishia kwenye nani ana nguvu zaidi, au michoro ipi inapendeza. Tunapendekeza kipimo kingine: ni katuni ipi inayoonyesha vizuri zaidi jinsi watu waliojeruhiwa wanavyolelewa mpaka wakawa timu? Tunasema malezi kwa makusudi. Nyumba ya Xavier ni nyumba ya malezi, kama hii tunayoishi.

Tuanze na ile iliyoanza kurushwa Oktoba 1992, ikadumu hadi 1997 kwa sehemu 76. Kwa macho ya leo michoro yake ni migumu na maneno yake yana kishindo kingi; Storm hawezi kuamuru upepo uvume bila kutoa hotuba. Lakini angalia inavyoanza. Katika hadithi ya kwanza kabisa timu inampoteza Morph, mcheshi wao, kwa sababu waliamriwa kurudi nyuma wakamwacha. Hiyo ilikuwa katuni ya watoto, na kidonda hicho hakikufungwa baada ya dakika 20. Morph anarudi katika msimu wa pili akiwa amegeuzwa kuwa adui, amejaa chuki dhidi ya waliomwacha. Wolverine, yule mkorofi asiyependa kuamriwa na mtu, ndiye anayemfuata na kumtaka arudi nyumbani. Na Morph harudi mara moja. Inahitajika muda, na matibabu.

Yuko pia Beast, msomi mwenye manyoya ya buluu, anayekamatwa mwanzoni mwa msimu wa kwanza. Magneto anakuja, anabomoa ukuta wa gereza, anamwambia twende. Beast anakataa. Anataka kusimama mbele ya mahakama. Anabaki ndani kwa sehemu nyingi za msimu ule, anasoma vitabu vyake, na watayarishaji wanatuacha tuone uvumilivu huo unavyomgharimu. Wenzetu wanaosema kwamba katuni ya zamani ilikuwa ya kitoto waitazame tena sehemu hiyo.

Na kuna ile ya mwaka 1995 ya Nightcrawler, yaani Kurt, Mjerumani mwenye ngozi ya buluu na mkia, anayefanana na shetani wa kwenye picha za zamani lakini anaishi katika monasteri na kusali. Wanakijiji wanamwinda. Wolverine, asiyeamini chochote, anamuuliza inawezekanaje ampende Mungu aliyempa sura kama ile. Baadaye Kurt anakutana na mama yake aliyemtupa akiwa mchanga, na anamsamehe. Sisi hatujui katuni nyingi za biashara zilizothubutu kuliweka suala la imani wazi namna hiyo, bila kulifanyia mzaha na bila kulifanya hubiri.

Inayofuata, X-Men: Evolution, iliyorushwa kuanzia 2000 hadi 2003 kwa sehemu 52, ndiyo inayodharauliwa zaidi na mashabiki. Wanasema ni hadithi ya wanafunzi wa sekondari na wapenzi wao. Ni kweli, Cyclops, Jean, Kurt, Kitty na Rogue wamefanywa vijana wa shule katika mji wa Bayville, na Storm na Wolverine wamekuwa walezi wao. Lakini hapo ndipo hasa tunapoona ubora wake. Katika matoleo mengine tunakutana na timu iliyokwisha kupikwa. Hapa tunaiona ikiwa bado mbichi.

Bayville ina nyumba mbili za mutanti. Moja ni ya Xavier. Nyingine ni ya vijana wanaoitwa Udugu: Lance, Todd, Fred na Pietro. Wako darasa moja na wale wa Xavier, na vipaji vyao si haba. Mtu akiwatazama uwanjani hataona kwa nini hawa waitwe wema na wale wabaya. Tofauti iko nyumbani. Vijana wa Xavier wana mtu anayewasubiri wakichelewa, anayewakaripia, anayekula nao. Wale wengine wana Mystique, mkuu wa shule anayejibadili sura, ambaye anawakusanya anapowahitaji na kuwaacha asipowahitaji. Nyumba yao imechakaa, hakuna wa kuwauliza wamekula nini. Kuna wakati Lance anajaribu kuhamia kwa Xavier. Anapokelewa kwa mashaka, anashukiwa kosa lililofanywa na wengine, na mwishowe anaondoka. Katuni haimlaumu yeye peke yake. Inatuonyesha kwamba hata nyumba nzuri inaweza kumpoteza mtu kwa sababu iliamua mapema yeye ni nani.

Tunawaomba wazazi na walezi wa vijana parokiani waitazame sehemu hiyo wakiwa na orodha ya vijana wao mkononi.

Jambo la pili ni saa ya Kurt. Katika toleo hili Kurt huvaa saa ya mkononi inayomtengenezea sura bandia, ili shuleni aonekane kijana wa kawaida. Ni kifaa cha kuchekesha, kinaharibika wakati mbaya, na watoto hufurahi. Kwa sisi tunaoishi katika nyumba ya malezi haichekeshi sana. Mtu anaweza kukaa seminarini miaka mingi akiwa amevaa saa ya namna hiyo. Anawahi kikanisani, anajibu vizuri darasani, anatabasamu mbele ya mlezi, na hakuna anayemfahamu. Walezi nao hawawezi kuulea uso usioonekana. Kurt anapata nafuu pale msichana wa shuleni, Amanda, anapomwona alivyo na hakimbii. Halafu mwishoni mwa msimu wa pili siri inafichuka kwa wote: mutanti wanaonekana hadharani, na mapema katika msimu wa tatu bodi ya shule inakaa kuamua kama waruhusiwe kurudi darasani. Waliokuwa marafiki jana wanawakwepa. Hapo malezi ya Xavier yanapimwa kweli.

Wolverine and the X-Men ya mwaka 2009 tutaipitia kwa haraka, ingawa ina wapenzi wake. Mlipuko unaibomoa nyumba, Xavier na Jean wanatoweka, timu inatawanyika, na Wolverine, mtu wa kuondoka bila kuaga, analazimika kuwa wa kukusanya na kuhesabu watu. Wazo ni zuri sana. Lakini ilikatishwa baada ya sehemu 26, na muda mwingi uliliwa na vita vya wakati ujao. Toleo la Kijapani la 2011, la studio ya Madhouse, ni zuri kwa macho, lakini kwa kipimo chetu halina mengi.

Tufike sasa kwa X-Men '97, iliyotoka mwaka 2024 kwa sehemu kumi, ikiendeleza hadithi ile ile ya 1992. Hatuwezi kukana uzuri wake. Sehemu ya tano, ambapo kisiwa cha Genosha kinaangamizwa usiku wa sherehe na Gambit anakufa akiliangusha lile dude lenye kuua, ni kati ya mambo mazito tuliyowahi kuona katika katuni. (Si ya watoto wadogo, wazazi mtuelewe.) Mwanzoni pia kuna jambo la ajabu: Xavier hayupo, na wosia wake umemwachia Magneto nyumba na wanafunzi. Adui wa jana anapewa watoto wa kulea. Katika sehemu ya pili Magneto yuko mbele ya mahakama, mtu anamlenga silaha, na Storm anajitupa mbele yake na kupoteza nguvu zake. Magneto ana kila sababu ya kulipiza kisasi, na anajizuia. Kama katuni ingeendelea na njia hiyo, tungekubaliana na wenzetu bila ubishi.

Lakini baada ya Genosha inabadilika. Magneto anarudi kwenye hasira yake, na waandishi wanampa hoja zote nzuri. Kuna wenzetu waliotoka hapo wakisema, nusu kwa utani, kwamba Magneto alikuwa sahihi. Hatuidharau hasira yake. Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba hasira inayoongozwa na akili si dhambi, na kwamba kukosa hasira kabisa mbele ya uovu nako kunaweza kuwa kasoro. Aliyeuawa nduguze ana haki ya kukasirika. Swali ni hasira hiyo ilelewe vipi, na hapo katuni inakosa jibu. Xavier anarudi kutoka mbali, hana neno jipya la kuwaambia wanaomboleza. Rogue, aliyempenda Gambit, anakwenda upande wa Magneto, na mwalimu wake anaonekana kama mtu aliyechelewa mazishi. Mwishowe Xavier anaingia akilini mwa rafiki yake kwa nguvu ili kumzuia. Labda dunia haikuwa na njia nyingine. Lakini huko si kumshawishi mtu wala kumlea.

Linganisha na Evolution, ambako Magneto mwenyewe, akiwa amemtelekeza binti yake Wanda hospitali ya wagonjwa wa akili, anaituliza hasira ya binti huyo kwa kuagiza kumbukumbu zake zibadilishwe. Wanda anaanza kumpenda baba ambaye hakuwahi kuwepo. Katuni ile ya watoto inajua kwamba hilo ni jambo la kutisha, na inatuacha nalo bila kulifunika kwa muziki mtamu.

Kuhusu Storm tuna neno moja la pembeni. Mama yake ni Mkenya, na alipotambulishwa katika vitabu mwaka 1975 alikuwa akiabudiwa Kenya kama mungu wa kike. Katuni ya 1992 inampeleka Afrika kumwokoa mtoto anayeitwa Mjnari, jina ambalo bado tunatafuta kinywa cha kulitamka. Kuna kijiji, kuna pepo, na mji hauonekani. Shujaa mwenye asili ya kwetu ana heshima kubwa katika timu, ila anakotoka hakujapata mchoraji aliyewahi kupanda daladala.

Basi, kama kuna kikundi cha vijana parokiani kinachotaka kutazama na kujadili, waanze na Evolution, na wavumilie msimu wa kwanza kwa sababu unajikongoja. Wakubwa watafute zile sehemu za Morph, Beast na Kurt katika toleo la 1992. X-Men '97 waitazame baada ya hizo, wakiwa na muda wa kukaa na kuongea baada ya sehemu ya tano, wasiende kulala nayo.

Hatujaikatia tamaa. Msimu wake wa kwanza unaisha timu ikiwa imetawanywa katika nyakati mbalimbali, na Xavier na Magneto wamejikuta pamoja katika Misri ya kale, wakiwa na Kurt, Beast na Rogue. Mbele yao yupo kijana mmoja, En Sabah Nur, ambaye wanaofuata hadithi hizi wanajua atakuja kuwa Apocalypse, adui mkubwa kuliko wote. Kwa sasa bado ni kijana tu, hana nyumba, na walimu wawili wamesimama mbele yake.