Gesi ya vinamasi vya Mweru na bei ya samaki mpakani

Desemba ikiingia, soko la Kashikishi wilayani Nchelenge huanza kukaukiwa samaki. Sheria ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ng'ambo ya Chienge, mjini Pweto, sheria hiyo haina nguvu. Ni nchi nyingine, ingawa ziwa ni lile lile. Mfanyabiashara hilo analijua kuliko afisa yeyote.

Asilolisikia mara nyingi ni kwamba maji yanayompa samaki ndiyo pia yanayotoa gesi inayohesabiwa kwenye mikutano ya tabianchi. Mto Luapula, ukitokea Bangweulu, hupita kwenye vinamasi vikubwa vya mafunjo kabla ya kumwaga maji yake kusini mwa Mweru. Majani yakioza chini ya maji yasiyo na oksijeni hutoa methani. Tani moja ya gesi hiyo, kwa kipindi cha miaka 20, hupasha dunia joto zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa. Mwaka 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza iliruka juu ya vinamasi vya Bangweulu, Kafue na Lukanga, na methani iliyopimwa ilizidi makadirio ya kompyuta.

Wapo watakaouliza kwa nini gesi hiyo isivunwe kama Rwanda inavyofanya Ziwa Kivu, ambako mtambo wa KivuWatt unazalisha umeme wa megawati 26. Jibu ni kina. Kivu ina zaidi ya mita 400 kwenda chini, na gesi hubanwa huko. Mweru ni ziwa la kina kifupi. Upepo huyakoroga maji na gesi hutoroka hewani.

Kukausha vinamasi basi? Hilo lingekuwa kosa kubwa zaidi. Udongo wa kinamasi ukikauka, kaboni iliyolala humo miaka mingi hugeuka hewa ukaa, na moto ukipita huongezeka. Tena pale, samaki anayependwa sokoni, hutegemea kingo hizo zilizofurika. Bila mafunjo hakuna vifaranga, na bila vifaranga hakuna mzigo wa kuvusha.

Ndiyo maana biashara ya kaboni, ikifika Luapula, itahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Mnunuzi akilipa ili kinamasi kisiguswe upande wa Zambia, wavuvi wa Kilwa na Pweto wanaotumia ziwa hilo hilo watapata nini? Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022; Zambia haimo. Nchi zote mbili, hata hivyo, ni wanachama wa COMESA na SADC, na huko ndiko msimu mmoja wa kufunga ziwa zima unakoweza kujadiliwa, kabla mikataba ya kaboni haijaandikwa upande mmoja tu wa maji.