Hesabu Isiyofika Msata

Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria, RTS,S, kwa watoto wachanga 340 wa Bagamoyo. Mwandishi wa kwanza: Salim Abdulla wa Ifakara. Mwaka 2021 WHO ikaipendekeza chanjo hiyo. Najivunia.

Lakini tunampima mtafiti kwa idadi ya machapisho na mara anazonukuliwa. Hapa kwetu Msata, njia panda ya kwenda Bagamoyo, mama anayeruhusu mwanawe atolewe damu ya utafiti hamnukuu mtu. Makala yenyewe ni ya Kiingereza. Nasema hivi: utafiti usiorudi kwa Kiswahili kwa waliotoa damu uhesabiwe nusu. Deni hulipwa kwa aliyekopesha.