Deni la Watu wa Milimani

Ipo kauli inayosemwa mara nyingi katika vilima vya Kisii na Nyamira, na husemwa kwa utulivu kana kwamba ni hekima. Husemwa kwamba samaki ni mali ya watu wa ziwani, na kasa ni mali ya watu wa pwani. Sisi tumejaliwa chai, ndizi na kahawa, basi kila mtu na alinde chake. Kauli hii ni tamu masikioni kwa sababu haimdai msemaji kitu. Lakini si ya kweli, na nakusudia kuipinga, maana vijana wanaoirithi leo ndio watakaoilipia kesho.

Natuanze na huyo kasa wa mbali, kwa kuwa habari zake zimechunguzwa sana. Kasa huanguliwa mchangani, hukimbilia maji, kisha hutangatanga baharini miaka mingi. Jike akipevuka hurudi kutaga katika pwani aliyozaliwa au karibu nayo, na sumaku ya dunia ni mmoja wa viongozi wake. Mwaka 1990 wataalamu Anne Meylan, Brian Bowen na John Avise walitoa ushahidi wa jambo hili. Walipima chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama peke yake, wakaona kwamba majike wa pwani moja ni tofauti na majike wa pwani nyingine, hata kama wote hula katika malisho mamoja. Maana yake ni kwamba kila pwani ina ukoo wake. Ukoo mmoja ukifutika, majirani hawaji upesi kuziba pengo, kwa sababu kila mmoja ana kwao. Na pamoja na ukoo hupotea urithi wake: pengine uwezo wa kuvumilia joto, pengine kinga ya maradhi, ambayo siku ya shida ingaliwaokoa wengine.

Sasa na tutazame karibu na nyumbani. Katika Ziwa Viktoria na mito yake yuko samaki aitwaye ningu, ambaye hapatikani popote duniani nje ya bonde la ziwa hilo. Yeye naye ni msafiri wa uzazi. Mvua zinapojaa, ningu huliacha ziwa, hupanda mito, na kutaga katika majani yaliyofunikwa na mafuriko kandokando ya maji. Zamani alikuwa chakula kikubwa cha watu wa mitoni. Leo ameandikwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile miongoni mwa viumbe walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Mmoja wa mito ya ningu huanzia kwetu. Chemchemi zake zimo katika vilima vya Kiabonyoru, Nyamira. Hupita Kisii ukiitwa Gucha, huingia nchi ya Waluo ukiitwa Kuja, huungana na mto Migori, na kumwaga maji yake ziwani huko Nyatike. Mto wa pili, Sondu, hutoka msitu wa Mau na kupita mpakani mwa Nyamira na Kericho. Basi yule asemaye kwamba hana habari na samaki, kwa kuwa ningu hamwoni katika kijito chake, na ajibu swali hili: je, maji ya kijito chake humwendea nani?

Maji hayo hayashuki peke yake. Tumelima mteremko mpaka ukingoni, na kila mvua huteremsha udongo mwekundu. Tumepanda mikaratusi katika mabonde yenye chemchemi, nayo hunywa maji bila huruma. Tumekausha vinamasi, na vingine tumevifinyanga matofali. Mjini Kisii kijito cha Nyakomisaro kimebebeshwa taka ambazo hakikuziomba. Tope likitulia juu ya mayai ya samaki, huyakosesha hewa. Na mto uliopungukiwa na maji haufuriki majani ambamo mayai hayo yangetagwa.

Wako watakaojibu kwamba aliyemwangamiza ningu ni mvuvi wa chini na nyavu zake. Ni kweli kwamba mvuvi alianza. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ziliwakamata majike wangali na mayai tumboni, na mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr alikwisha kuandika habari za kudidimia kwa uvuvi huo katika mto Nzoia. Lakini tangu lini kosa la jirani likawa ruhusa yetu? Aliyejeruhiwa na mmoja hufa upesi akipigwa na wa pili.

Wengine husema kwamba dawa ni mabwawa. Tangu mwaka 2009, serikali ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki, wengi wetu tumefuga perege na kambare. Na wataalamu wa Uganda wamekwisha kuweza kumzalisha ningu katika hifadhi. Haya ni mema, wala siyabezi. Lakini vifaranga elfu kumi waliotoka kwa wazazi watano ni wengi kwa hesabu na wachache kwa urithi. Bwawa hukopa mbegu yake mtoni. Mto ukifilisika, bwawa litakopa wapi?

Iko hoja moja nzito kuliko hizo, nayo ni ya ardhi. Katika hesabu ya mwaka 2019 Kisii ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2, na Nyamira zaidi ya laki 6, na mashamba yetu ni vipande vidogo. Mwenye robo eka huona kwamba kuacha ukingo wa mto ni kuacha chakula cha watoto. Simlaumu kwa umaskini wake. Namwambia tu kwamba udongo unaomwua samaki ni ule ule uliokuwa ukimlisha yeye; ukishafika Nyatike haurudi. Ukingo uliopandwa majani ya ng'ombe na miti ya asili humpa lishe na kuni, humbakizia shamba lake, na humpelekea jirani maji safi. Mikaratusi na ipandwe vilimani, mbali na chemchemi.

Vijana wa Kisii na Nyamira, ninyi mmekaa juu ya mto, na akaaye juu ana deni kwa akaaye chini. Deni hilo halilipwi kwa hotuba. Hulipwa kwa hatua chache za ardhi ziachwazo kandokando ya kijito, kwa taka isiyotupwa mtoni, na kwa chemchemi iliyorudishiwa miti yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wahenga walisema. Lakini ukoo wa samaki ukianguka, hakuna fundi wa kuujenga upya.