Mpango Uanzie Mtaani



Mipango ya kanisa letu siku hizi huandikwa vizuri. Ukipita kwenye ofisi za dayosisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) utaonyeshwa mpango mkakati wa miaka kadhaa, wenye dira na dhamira, wenye majedwali ya nani atafanya nini na kwa fedha zipi. Mambo makuu huwa matatu: kuhuisha maisha ya kiroho ya washarika, kuandaa viongozi, na kuwapelekea Injili watu ambao haijawafikia. Toleo hili tumelitenga kwa mambo hayo. Waliotuandikia ni wachungaji, wazee wa kanisa, walimu wa vyuo vya Biblia na viongozi wa vijana, nami nimezisoma kurasa zao kwa furaha. Hata hivyo yuko mtu mmoja ambaye kila nikimtafuta katika mipango yetu namkuta pembeni, kwenye mstari mmoja wa jedwali, ikiwa yumo kabisa. Mtu huyo ni mwinjilisti wa mtaa. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba mpango wa kulihuisha kanisa hili utasimama naye au utaanguka naye.

Tunamjua sote. Usharika una mchungaji mmoja, pengine wawili, na mitaa minne, sita, hata zaidi. Mchungaji huzunguka, akifika mtaa huu leo na Chakula cha Bwana, zitapita wiki kadhaa kabla hajarudi. Anayebaki ni mwinjilisti. Ndiye anayegonga kile chuma cha gurudumu la lori kilichoning'inizwa mtini asubuhi ya Jumapili, ndiye anayehubiri, anayefundisha watoto wa kipaimara, anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa, anayekaa na wanandoa waliogombana mpaka chai inapoa vikombeni. Ukitokea msiba, mchungaji atafika siku ya maziko. Mwinjilisti alikuwepo tangu usiku wa kwanza, akihesabu viti na kufunga kamba za turubai pamoja na vijana wa jirani. Mama mjane wa kijijini akisema kanisa lilikuja kumwona, aliyemwona ni huyu.

Historia yetu inamshuhudia. Wamisionari Wajerumani wa Leipzig walipanda Kilimanjaro mwaka 1893. Wa Berlin walikuwa wamekwisha kutangulia upande wa Ziwa Nyasa na wa Bethel kule Usambara, na mwaka 1910 Bethel wakaanza kazi Bukoba. Vita vya Kwanza vilipokwisha Wajerumani waliondolewa nchini, na kwa miaka kadhaa sharika nyingi zikabaki bila wao. Walioziongoza ni walimu na wainjilisti wenyeji waliokuwa na Biblia, kitabu cha nyimbo na elimu ya shule ya misheni. Kule Buhaya, upande wa Bukoba, kina Andrea Kajerero walilishika kundi la Walutheri lisitawanyike. Vita vya Pili vilipozuka mwaka 1939 Wajerumani walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na mzigo ukarudi mabegani mwa wale wale. Kwa hiyo Walutheri wa Afrika walipokutana Marangu mwaka 1955, na makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT chini ya Askofu Stefano Moshi, kanisa lililokuwa likipewa katiba na ofisi lilikuwa limekwisha kuokolewa mara mbili na watu ambao wengi wao hawana hata picha ukutani.

Lakini nataka kukaa zaidi kwenye Uamsho, maana neno hili limo katika kila mpango na nahofu tumeanza kulitumia kwa kumaanisha mkutano wa wiki moja uwanjani, wenye jukwaa na vipaza sauti.

Uamsho wa Afrika Mashariki tunaousimulia haukuanza na mkutano wa namna hiyo. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, na wawili hao wakakaa na Biblia zao wakiomba na kuungamiana hali zao. Church alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, na miaka iliyofuata moto ukaonekana huko. Sasa angalieni ulipita kwa nani. Gahini ilikuwa na shule ya wainjilisti, na aliyekuwa akiiongoza ni Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi. Vijana waliosomea pale walirudi vijijini kwao wakiwa watu wengine: wanarudisha vitu walivyoiba, wanawaomba radhi wake zao, wanakaa meza moja na watu wa kabila ambalo jana walilidharau. Kigozi alifariki mwaka 1936, kijana bado, na kazi haikusimama, kwa sababu ilikuwa imekwisha kuingia kwa wanafunzi wake. Ilipanda Kigezi, Uganda, ikashuka Buhaya, ikafika Kilimanjaro na Kenya, ikibebwa na wauguzi, walimu, wakulima na wanawake waliotembea kwa miguu kutoka nyumba hadi nyumba. Wengi wa watu hao hawakuwa na cheo chochote kanisani, na baadhi yao walipata taabu kubwa kutoka kwa wenye vyeo.

Tunda mojawapo la Uamsho ule ni Josiah Kibira. Alizaliwa Bukoba mwaka 1925, akaokoka akiwa kijana, akasoma theolojia mpaka ng'ambo, akawa askofu mwaka 1964. Mwaka 1977, Shirikisho la Walutheri Duniani lilipofanya mkutano wake Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Tukimtaja Kibira huwa tunaanzia hapo kwenye urais. Mimi naomba waandishi wa mipango yetu waanzie nyuma zaidi, kwenye vikundi vya ndugu wa Uamsho ambamo kijana wa shule aliweza kusimama akasema dhambi yake mbele ya wazee na wazee wakamwombea, kisha nao wakasema za kwao. Huko ndiko kiongozi yule alikolelewa. Kuna semina ya siku tatu hotelini iliyowahi kumlea mtu hivyo?

Sasa niseme habari ya fedha, ambayo katika kanisa huwa tunaizungumza kwa sauti ya chini.

Jumapili moja nilisali katika mtaa ulio mbali na barabara ya lami. Ibada ilipokwisha tulitoka nje kwenye mnada, kama ilivyo desturi. Kulikuwa na mikungu ya ndizi, mayai kwenye sahani ya bati, chupa mbili za maziwa na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Mzee wa kanisa alinadi. Sahani ya mayai ilinunuliwa na kijana mmoja, akairudisha inadiwe tena. Ikanunuliwa na mama mmoja, naye akairudisha. Mara ya tatu mzee mmoja akalipa, kisha akamkabidhi bibi aliyekuwa amekaa peke yake kwenye benchi. Sahani moja ya mayai ilikuwa imelipiwa mara tatu na mwisho wake ikawa zawadi. Sijui mpango mkakati unaofundisha utoaji vizuri kuliko hilo. Wazee wakaingia ndani kuhesabu, wakaandika kwenye daftari, fedha ikafungwa kwenye bahasha ya kwenda usharikani. Nilipomuuliza mwinjilisti kuhusu posho yake alitabasamu, akasema imechelewa kidogo. Baadaye mzee wa kanisa aliniambia ilikuwa imechelewa tangu kabla ya mavuno.

Sisemi kwamba kuna mtu amekula fedha ile. Bahasha ikifika usharikani inakuta madai yake: mshahara wa mchungaji, mchango wa jimbo, mgawo wa dayosisi, shule, zahanati, ukarabati wa paa. Kila dai ni la haki. Ila mtoa sadaka wa kwanza na mtumishi wa kwanza wanaishi mtaa mmoja, na yule mtumishi ndiye anayefikiwa na fedha mwisho. Mpango unaotaka kumhuisha msharika uanze kwa kurekebisha hilo: sehemu ya sadaka ya mtaa, hata iwe ndogo, ibaki kwa maandishi kwa ajili ya posho na masomo ya mwinjilisti, kabla bahasha haijafungwa.

Nimetaja masomo, na najua pingamizi lake. Tutaambiwa kwamba nyakati zimebadilika, vijana wetu wana shahada, wanasikiliza mahubiri kwenye simu, na mwinjilisti aliyeishia darasa la saba hana la kuwaambia. Hoja hiyo ina uzito, nami naipokea yote. Jibu lake ni kumsomesha. Mwaka 1954 chuo cha theolojia kilihamia Makumira kutoka Lwandai, na leo Makumira ni chuo kikuu tunachojivunia. Je, vyuo vya Mwika, Ruhija na Kidugala, mahali ambapo wainjilisti wamefundishwa kizazi baada ya kizazi, tunavitazama kwa jicho lile lile? Kijana akiwa na alama nzuri tunamwelekeza kwenye uchungaji, naye anayeshindwa kwingine tunamwambia akajaribu uinjilisti, kisha tunashangaa kuona mtaa umepoa.

Kwa wale walio kazini tayari, wenye familia na mashamba, wasioweza kuondoka miaka miwili, tunayo njia ambayo karibu tumeisahau: Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Mwanafunzi anabaki nyumbani, anasoma kitabu chake jioni, anajibu maswali kwa penseli, na mara moja kwa wiki anakutana na mwalimu na wenzake kujadili. Anachojifunza Jumatano anakihubiri Jumapili. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na semina zetu, na katika zama hizi za simu ni rahisi zaidi kuliko ilivyokuwa ilipoanza. Mmoja wa waandishi wetu anaieleza kwa kina katika toleo hili. Msiiruke makala yake.

Na tukisema mwinjilisti tusimwone mwanamume peke yake. Ingieni katika jumuiya yoyote inayokutana alfajiri kabla watu hawajaenda kazini, muone ni nani anayesoma neno, anayejua nani anaumwa, anayekusanya mchango wa mfiwa. Mara nyingi ni mama. Mara nyingi huyo huyo ndiye mwalimu wa Shule ya Jumapili. Wanawake wanabarikiwa kuwa wachungaji katika kanisa letu tangu miaka ya 1990, na hilo tunamshukuru Mungu, lakini katika mitaa mingi mama anayeongoza jumuiya miaka yote hajawahi kuulizwa kama angependa kwenda chuo cha Biblia. Kiongozi tunayesema tunamtafuta anafagia kanisa kila Jumamosi.

Kuhusu kuwafikia watu wa nje, nitasema machache. KKKT ilianza na Walutheri wapatao nusu milioni. Leo tumepita milioni sita, na watumishi wetu wamevuka mipaka kwenda Malawi, Msumbiji, Zambia na Kongo. Wamasai wengi walibatizwa baada ya mafundisho ya miezi mingi chini ya mti, na mwalimu wao alikuwa mwinjilisti aliyetembea umbali wa kutisha kuwafuata malishoni. Hayo tunayakumbuka. Shamba jipya ambalo hatujaliona vizuri liko pembezoni mwa Dar es Salaam: Chanika, Kivule na Mbagala. Kijana ametoka Njombe au Muleba na barua ya utambulisho kutoka usharika wake, amepanga chumba kimoja, anafanya kazi mpaka Jumapili mchana, na kanisa la Kilutheri liko mbali kwa daladala mbili. Barua ile inakaa kwenye begi mpaka inachakaa. Jirani na chumba chake ipo huduma inayokesha kila Ijumaa, na mtu wa huduma hiyo amekwisha kumbishia hodi mara mbili. Kijana akienda huko, tusimlaumu. Aliitwa kwa jina, akaenda. Na sisi tukitaka kumwita kwa jina, atakayekwenda kubisha hodi chumba kwa chumba saa mbili usiku hawezi kuwa mchungaji mwenye sharika mbili na vikao vinne. Itabidi tumpeleke mwinjilisti wa mjini, aliyefundishwa kwa ajili ya mji, anayelipwa kodi ya chumba ili naye akae huko huko.

Miezi ijayo mikutano mikuu ya baadhi ya dayosisi itapokea mipango mipya na kuipigia kura. Wajumbe wetu, wengi wenu mnasoma gazeti hili. Mtakapopewa makabrasha, msianze na dira. Fungueni jedwali la fedha, mtafute mambo matatu: posho ya mwinjilisti italipwa tarehe ngapi na kutoka mfuko gani; ni wainjilisti wangapi, wanaume kwa wanawake, watakaosomeshwa mwaka wa kwanza; na ni nani mwenye jukumu la kuwatembelea mara moja kila robo mwaka na kuomba pamoja nao. Kama majibu hayamo, nyoosheni mkono mwombe yaandikwe kabla ya kura. Kisha mtuandikie mlijibiwa nini. Kurasa za toleo lijalo tumeziacha wazi kwa ajili ya barua hizo, na tumewaomba wainjilisti wenyewe waandike nao, hata kwa mkono, hata ukurasa mmoja, sisi tutachapa.