MAMBO YA NYUMBANI: Moto wa gazi ukigeuka manjano

Katika chombo cha gazi cha kupasha maji, maji inapita ndani ya tuyo ya shaba (ndiyo, shaba kama ile ya kwetu) yenye vibamba vyembamba, na moto iko chini yake. Moto muzuri ni wa bluu. Ukigeuka manjano, masizi inaziba vibamba. Moshi haipandi tena. Inarudi chumbani pamoja na monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu. Mutoto anaoga, kichwa inamuuma, miguu inalegea, anaanguka. Njo maana funga gazi, fungua madirisha, tokeni inje, na muite fundi.

Fundi mwenyewe afunge gazi na maji, angoje ipoe, atoe kipande cha shaba, akisugue kwa brosi laini na maji ya sabuni, bila kupinda vibamba. Chokaa ya ndani inatoka kwa siki, saa chache, kisha maji mengi. Shaba ikitoboka, afazali kipande kipya kuliko kulehemu. Vipira vya kuzibia pia viwe vipya. Akifungua gazi tena, apake povu ya sabuni kwenye viungo: ikifura, inavuja. Na bomba la moshi lifike inje kabisa, hapana kuishia juu ya plafo.