RAM ilifutwa, lakini nani atarudisha?



Katika makanisa yetu ya Kisangani, kutoka Makiso hadi Mangobo na ng'ambo ya mto huko Lubunga, neno RAM halijasahaulika. Mtu akitia yunite kwenye simu, kisha akakuta zimepungua kabla hajapiga hata mara moja, anauliza kama RAM imerudi. RAM ilifutwa mapema mwaka 2022. Lakini watu wana haki ya kuendelea kuuliza, kwa sababu kufuta deni ni jambo moja, na kurudisha kilichokwisha kuchukuliwa ni jambo lingine.

Tukumbuke ilivyokuwa. Septemba 2020, serikali ilianzisha daftari la kuandikisha vyombo vya simu, kwa Kifaransa Registre des Appareils Mobiles. Lilisimamiwa na ARPTC, mamlaka inayochunga posta na mawasiliano katika nchi yetu. Kila simu ina nambari yake ya IMEI, ile inayoonekana ukibonyeza *#06#. Tulielezwa kwamba nambari hizo zikiandikwa, simu ya wizi itaweza kufungwa, na simu za bandia zitajulikana. Nia hiyo si mbaya. Mama aliyenyang'anywa simu yake sokoni angefurahi kusikia kwamba mwizi hataweza kuitumia.

Shida ilikuwa namna ya kulipisha. Mwenye simu ndogo ya 2G alitakiwa kutoa dola 1 na senti chache kwa mwaka. Mwenye simu ya 3G au 4G alitakiwa kutoa dola 7. Hakuna aliyekwenda ofisini kulipa. Pesa ilikatwa kwenye yunite zenyewe, kwa mafungu, mara tu mtu alipotia yunite. Deni lilikuwa linamsubiri mlangoni kabla hajaingia.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukua parokia yenye wakristo 100 wenye simu: 70 wana simu ndogo, 30 wana simu kubwa. Wale 70 wanatoa zaidi ya dola 70. Wale 30 wanatoa dola 210. Parokia moja inapoteza zaidi ya dola 280 kwa mwaka. Wazee wa kanisa wanaotafuta pesa ya mabati wanajua uzito wa hesabu hiyo.

Tena malipo hayakuangalia mfuko wa mtu. Mchungaji wa kijijini upande wa Opala, aliyepewa simu kuukuu ya 3G na mtoto wake, alikatwa dola 7 sawasawa na mkubwa wa kampuni mwenye simu mpya. Na katika Tshopo, simu si kitu cha anasa. Barabara ni mbaya na mto ni mrefu. Mtu wa Ubundu au Isangi anapiga simu kwanza, ajue bei ya mchele na ya mafuta ya mawese mjini, kabla ya kupakia mzigo. Mgonjwa akizidiwa, simu inakwenda mbele yake. Kukata yunite za watu kama hao ni kukata njia yao.

Sasa tuangalie swali la kufuta. Mtu anapolipa au kutuma pesa kwa simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kuna wakati ambapo malipo bado yako mkononi mwake. Anaandika nambari, anaandika kiasi, simu inamwonyesha jina la anayepokea, na mwisho inaomba nambari ya siri. Kabla ya kuingiza nambari ya siri, anaweza kuacha, na hakuna kitu kinachotoka. Akishaiingiza, pesa imekwenda. Hapo inabaki kuwasiliana haraka na kampuni, na kumwomba aliyepokea akubali kurudisha.

Kuna makato ya aina ya pili: zile huduma za nyimbo, habari au michezo ambazo mtu anajikuta ameandikishwa baada ya kubonyeza bila kusoma. Zinakula yunite kidogo kidogo. Hizo pia mwenye simu anaweza kuzifuta, akifuata mesaji ya huduma yenyewe au akisaidiwa na kampuni yake.

RAM haikuwa na mlango kama huo. Haikuomba nambari ya siri. Haikuwa na nambari ya kubonyeza ili mtu aseme hapana. Ukilalamika kwa kampuni ya simu, jibu lilikuwa kwamba amri imetoka juu. Ukiuliza huko juu, uliambiwa kwamba si kodi bali ni malipo ya huduma. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katiba yetu, katika ibara ya 174, inasema kwamba kodi inawekwa kwa sheria tu, maana yake ipite kwa wabunge ambao watu wamewachagua. RAM haikupita njia hiyo. Ilitoka kwa amri za serikali. Ikiitwa kodi, ilihitaji sheria. Ikiitwa huduma, ilihitaji kibali cha anayehudumiwa. Kati ya majina hayo mawili, mwananchi alikatwa bila kuulizwa.

Oktoba 2021 waziri wa posta na mawasiliano wa wakati ule, Augustin Kibassa Maliba, aliitwa mbele ya wabunge kujieleza, na kikao kikawa cha makelele. Vijana wa mashirika ya kiraia walikuwa wamekwisha kusema kwa muda mrefu. Miezi michache baadaye RAM ikafutwa. Tumshukuru Mungu, na tukubali pia fundisho hili: deni ambalo mtu mmoja hawezi kulifuta kwenye simu yake, watu wengi wakisema pamoja kwa amani wanaweza kulifuta.

Lakini zile dola 1 na zile dola 7 hazikurudi kwenye simu za watu.

Wengine watasema: yamepita, tuyaache. Watu wa Kisangani wanajua kwamba jambo kupita si sawa na jambo kulipwa. Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu. Miaka karibu 22 ilipita. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Septemba mwaka ule ule fungu la kwanza, dola milioni 65, likalipwa. Mahakama haikusema tu kwamba vita vilikwisha. Ilisema kwamba kilichoharibiwa kina bei, na bei hiyo inadaiwa.

Hatulinganishi damu na yunite. Tunasema kwamba kanuni ni moja: kuacha kudhuru ni nusu ya haki, nusu ya pili ni kurudisha. Na nusu hiyo ya pili inahitaji kulindwa. Mfuko wa FRIVAO, uliowekwa hapa Kisangani kwa ajili ya waathirika, umekuwa na taabu zake. Mwaka 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu mwezi wa Juni, na Septemba alihukumiwa miaka 3 ya kazi ya kulazimishwa kwa sababu ya dola karibu milioni 19 zilizohusu ujenzi wa gereza katika mji huu. Yeye alikana kosa. Lakini kila mama aliyefiwa mwaka 2000 anayesubiri jina lake kwenye orodha ana haki ya kuuliza pesa inakwenda wapi.

Biblia inatufundisha nini? Wengi wanakimbilia Warumi 13, wakisema mkristo alipe kodi bila maneno. Ni kweli, mkristo analipa kodi. Lakini Paulo anasema pia kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema, na mtumishi anatoa hesabu. Katika Luka 3, watoza ushuru walipokuja kubatizwa, Yohana hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Katika Luka 19, Zakayo hakuishia kusema kwamba kesho hatadhulumu tena. Aliahidi kurudisha mara nne. Wokovu ulifika nyumbani mwake pamoja na kitabu cha hesabu. Na Samweli alipokuwa mzee, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni ng'ombe wa nani amemtwaa, ili amrudishie. Kiongozi wa kiserikali anayeweza kuuliza swali hilo hadharani anastahili heshima yetu.

Basi tufanye nini?

Kwanza, makanisa yetu yaendelee kuuliza hesabu ya RAM, bila matusi na bila kuchoka. Kiasi gani kilikusanywa? Kimefanya nini? Kama hakiwezi kurudi kwa kila mtu, kionekane katika kazi inayowafaa wote, kwa mfano mnara wa simu kwa kijiji kisicho na mtandao.

Pili, katika mikutano ya akina mama, ya vijana na ya wazee, tufundishane mambo madogo. Soma jina la anayepokea kabla ya kuingiza nambari ya siri. Usimpe mtu mwingine nambari hiyo, hata kwenye kabine. Usifute mesaji ya malipo mpaka upate uhakika. Yunite zikipungua bila sababu, uliza siku ile ile, na andika tarehe.

Tatu, tuanze nyumbani mwetu. Siku hizi sadaka nyingine zinakuja kwa simu. Je, nambari inayopokea ni ya kanisa au ni ya mtu binafsi? Je, mweka hazina anasoma hesabu hiyo mbele ya washirika kama anavyosoma ile ya kapu? Mtu akituma fungu la kumi kwa nambari isiyo yake, au akatuma mara mbili, je, tunamrudishia upesi, au tunamwambia kwamba Bwana amekwisha kupokea? Kanisa linalokataa kurudisha franka elfu tano za mjane halitakuwa na sauti mbele ya serikali.

Bwana atusaidie kuwa watu wa hesabu safi, ili tunapodai haki kwa wengine, tusione haya.